Ukitilia Shaka Moja, Fumua Zote

Fort Worth, Texas
4 Februari 2024

Mama Edina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shuleni walitufundisha kuanza na "dhumuni la barua hii", basi dhumuni la barua hii ni mwanasheria. Anasema faili letu la viza lina picha chache, na kwamba barua zenye mihuri ya posta zitawaonyesha watu wa ubalozi mdogo hapo Guangzhou kuwa ndoa yetu ni ya kweli. Mahojiano yako ni tarehe 16 Mei, nenda nazo zote. Nimecheka peke yangu. Tumefunga ndoa kanisani Kilema, padri shahidi, ng'ombe wawili wamechinjwa, halafu tuandikiane barua ili mzungu aamini.

Lakini nimefikiri, labda ni afadhali. Tangu Septemba, tangu tumzike mtoto wetu, nikikupigia unasema "vipi", nasema "poa", halafu tunasikilizana tunavyohema mpaka mmoja aseme mtandao mbaya. Mtandao hauna shida, mama.

Mimi nipo, naendesha lori lile lile. Nimepata rafiki, mzee Dullah, mtu wa Tanga aliyekaa huku miaka ishirini na mbili. Jumamosi ananipeleka uwanja wa shabaha, tunapiga bastola kwenye makaratasi. Usiogope, huku sheria inaruhusu, nimenunua na yangu. Watu wanajaza hata risasi wenyewe nyumbani, gereji, kama sisi tunavyojipepetea mchele. Dullah amekubali kunifundisha. Anasema kazi hiyo inachukua akili yote, huwezi kuwaza kitu kingine hata kidogo. Hapo ndipo nilipoipenda.

Nina ombi. Mizani yake ya kupimia baruti imezeeka. Huko mtaa wa Yide Lu nasikia zipo ndogo, za kupimia vidani. Nitafutie moja nzuri.

Mumeo,
Ernest

*

Guangzhou
25 Februari 2024

Ernest,

Milele amina. Barua imefika jana, imekaa njiani siku ishirini. Hapa Mwaka Mpya wa Wachina ndio kwanza unaisha. Soko la Zhongda lilifungwa wiki mbili, vitambaa hakuna, na wateja wangu wa Kariakoo wananipigia kama vile mimi ndiye niliyewapa Wachina likizo. Mueni, yule Mkenya ninayekaa naye, anakusalimu. Amesema mwanaume anayeandika barua kwa kalamu ni wa kufungiwa kabatini asiibiwe.

Sasa nisikilize. Kwanza, usiniite Mama Edina. Jina hilo nilipewa na mtoto na ameondoka nalo. Fomu ya viza aliyoijaza mwanasheria wako nimeisaini wiki iliyopita. Pale penye watoto ameandika hakuna. Nimesaini, Ernest. Kama hata serikali ya Marekani inakubali kwamba sina mtoto, basi na wewe niite Jovitha.

Pili, una akili kweli? Mtu aliyefiwa ananunua bastola halafu anamwandikia mkewe "usiogope"? Kwetu mtu akifiwa tunamwondolea hata wembe! Nilitaka nisiitume hiyo mizani. Nimeituma kwa sababu moja tu, umeniomba kitu kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

Nimeinunua Yide Lu kwa mama mmoja mwenye kibanda cha mizani. Alipotaka kuitoa kwenye boksi ili mzigo uwe mdogo, kama anavyomfanyia kila mteja, nilimpigia kelele. Maskini akabaki na mkasi mkononi, "laoban, laoban, mei wenti", yaani bosi, hamna neno, na watu wote wamegeuka. Nikamwomba radhi, nikanunua na betri nisizozihitaji. Inakuja na boksi lake, karatasi zake na kila kijidude kilichomo. Usitupe hata kimoja. Na usiniulize kwa nini.

Jovitha

*

Fort Worth
24 Machi 2024

Mama Edina,

Nisamehe. Nimeandika Jovitha mara tatu, nikachana karatasi tatu. Mkono hautaki.

Mizani imefika na boksi, na karatasi, hata kile kipakiti kidogo kilichoandikwa usile. Sijatupa kitu. Dullah anaionea wivu.

Basi jana Jumamosi asubuhi nimejaza risasi zangu za kwanza. Acha nikusimulie, ndiyo habari pekee niliyo nayo. Dullah aliacha mlango wa gereji wazi, jua linaingia, akaninyang'anya simu, akazima redio. "Hapa," anasema na Kitanga chake, "mtu haongei, hacheki, wala hakumbuki mchumba."

Yale maganda ya shaba tunayaokota uwanjani yakishapigwa, tunayasafisha mpaka yanang'aa kama vikombe vya altareni. Unayapanga kwenye kibao chenye matundu hamsini. Kila ganda linapata fataki mpya kitakoni, halafu baruti, halafu kichwa cha risasi kinakandamizwa kwa mashine yenye mpini. Ukitazama kwa mbali utasema ni kazi ya jikoni. Hata baruti inachotwa kwa kijiko, cha plastiki, cha njano, chenye mkia. Unachota, unasawazisha, unahakikisha kwenye mizani yako, unamimina. Kimoja. Kamwe visiwe viwili. Dullah aliyarudia hayo mpaka nikamwambia basi mzee, nimesikia. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Kidole cha shahada hakikunjiki. "Hata mimi nilisikia," akasema.

Ubaya ni kwamba ganda lina nafasi kuliko baruti inayotakiwa. Ukirudia kijiko kwa bahati mbaya linapokea tu. Halifuriki, halilalamiki, linafanana na wenzake. Utakuja kujua siku ya kufyatua.

Nilikwenda vizuri, mama, ungeniona! Jasho linanitoka kwa raha. Nilikuwa nimefika thelathini na kitu, mjukuu wa Dullah akapita nje na baiskeli yake, akacheka. Mtoto wa miaka mitatu, minne. Nikageuza shingo. Niliporudi sikujua hili nimeshalitia au bado. Nikalitia, nikaendelea mpaka hamsini.

Dullah akauliza, "Una uhakika nazo zote?" Nikasema ndiyo. Akazipanga kwenye kiboksi, akaandika jina langu na tarehe, kama cheti cha ubatizo. Hapo nikashindwa. Nikamwambia, kuna moja siijui. "Ipi?" Sijui ipi, mzee, zimeshafanana. Hakunigombeza. Akaleta nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, akaniwekea mezani. "Ukitilia shaka moja, fumua zote. Hiyo ndiyo sheria, haina msamaha."

Nimefumua moja moja mpaka saa tisa alasiri. Ya kumi na tisa nilipoigonga ikamwaga baruti mara mbili ya wenzake. Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia, na Dullah akanipigapiga mgongoni, akidhani nauonea huruma mkono wangu.

Mama Edina, kuna jambo la mtoto ambalo lazima tulifumue, mimi na wewe. Habari za kile kijiko. Nitakuandikia. Leo siwezi.

Mumeo,
Ernest

*

Guangzhou
13 Aprili 2024

Ernest,

Umejua.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, na mfuko wa mboga mkononi. Mizani, kijiko kimoja, kamwe visiwe viwili. Hukuwa na haja ya kunizungusha hivyo. Ungesema tu, Jovitha, umemuua mtoto. Sijui nani kakwambia, kama ni mama yako aliyekuwa akimlea, simlaumu, amebeba vya kutosha. Acha nikueleze mwenyewe kabla hujanifumua wewe.

Unajua kazi yetu hapa. Mzigo wa meli unalipiwa kwa nafasi, si kwa kilo. Kwa hiyo mikono yetu imezoea. Kiatu kinatolewa boksi, kinaingizwa ndani ya mwenzake, sufuria inajazwa soksi. Tunasema hewa haisafirishwi. Miaka saba nafanya hivyo, hata nikinunua dawa ya mswaki naitoa boksi kabla sijafika nyumbani, Mueni hunicheka.

Juni mwaka jana nilikuwa nafunga katoni ya Edina. Nguo, mabuti mekundu ya mvua aliyoyalilia kwenye simu, na dawa ya homa ya watoto, chupa ndogo tu. Ilikuwa kwenye boksi lake, pamoja na karatasi na kibomba cha kupimia. Nikatoa boksi. Sikufikiri, Ernest, naapa, ni mkono tu. Boksi, karatasi, kibomba, vyote kwenye pipa, chupa nikaichomeka ndani ya buti. Nafasi niliyookoa ni ya mche wa sabuni.

Katika katoni hiyo hiyo nilimwekea mama vijiko sita vya supu vya kaure, vile vyeupe vya Kichina, vya zawadi. Kwenye simu nikamwambia, akichemka mpe kijiko kimoja. Dawa yenyewe ni kali, hupimwa kwa matone. Nimekuja kuyasoma hayo baadaye, duka lile lile, nimesimama na boksi lingine mkononi, muuzaji ananiuliza kama naumwa. Na mama hakuchukua kijiko cha chai. Alichukua kile kipya, kirefu kwa kina, kwa sababu ni kizuri, kimetoka kwa mkwe wake, na mjukuu wake hastahili kijiko cha zamani.

Nilipofika Kilema daktari aliniambia ni ini, kwamba dawa ilizidi. Wewe uliambiwa homa kali. Mimi ndiye niliyesema uambiwe hivyo. Usiku wa msiba nilikikuta kijiko kwenye beseni la vyombo, nikakitupa chooni, nikamshika mama mikono yote miwili, nikamwambia Ernest asijue, Ernest akijua nitabaki sina mtoto wala mume. Akasema, "Haya mwanangu."

Sasa umejua, nimepumua, na nimekwisha. Tarehe 16 Mei siendi. Nitasimamaje dirishani niape kwamba ndoa yangu ni ya kweli, wakati nimekudanganya tangu kaburi halijafukiwa? Tafuta mwanamke mwingine, Ernest. Tafuta anayesoma maandishi ya kwenye maboksi.

Nilikupenda sana. Sijaacha.

Jovitha

*

Fort Worth
14 Aprili 2024

Mama Edina,

Sijapata jibu lako na sitalingoja, nikilingoja nitaogopa tena. Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani moja kwa moja mpaka mezani.

Siku ile ya ugonjwa, mama yangu aliponipigia, nilikuwa barabarani Oklahoma. Ilikuwa Jumamosi, homa siku ya tatu. Akauliza, "Baba, nimpeleke hospitali?" Nikamwambia mama, Jovitha ametuma dawa nzuri, tuiamini. Rudia kumpa. Mpe viwili viwili, wala usingoje saa nyingi katikati. Hospitali Jumatatu, nikishafika nyumbani nitapiga tuongee vizuri. Alinibishia. Mama hajawahi kunibishia maishani, siku ile alinibishia. Akasema, "Mbona amelegea, baba? Mbona hataki hata uji?" Nikamjibu, ndiyo dawa inafanya kazi hiyo. Halafu nikakata simu kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye mizani ya malori.

Viwili viwili. Ni mdomo wangu huu.

Jumatatu akapelekwa, Jumanne ameondoka. Mama alinipa maneno ya daktari, kwamba dawa ilizidi, na palepale nikamwapisha kwa jina la Bikira Maria asikwambie nilichomwagiza. Kwako likabaki neno moja, homa kali, na ulilikubali bila swali hata moja. Nilishukuru kwamba huulizi. Fikiria mwanaume anayeshukuru hivyo.

Wewe ulituma dawa, mama. Hiyo ndiyo kazi ya mama aliye mbali. Dawa ilikuwa nzuri, ilikutana na baba mjinga.

Uliniuliza kama nina akili. Kuna siku sikuwa nayo, na ile bastola sikuinunua kwa ajili ya makaratasi. Sasa nimempa Dullah, na funguo za kabati la kuifungia nimempa. Nilimweleza yote, mtu wa kwanza. Yule mzee hakusema pole. Alinisukumia ile nyundo ya plastiki mezani, akaniuliza, "Mkeo anajua?" Nikasema hajui. "Basi hujafumua," akasema.

Tarehe 16 usiende kwenye mahojiano kwa kunionea huruma. Ukija, uje ukijua unakuja kwa nani. Usipokuja nitasema umefanya haki.

Mimi,
Ernest

*

Guangzhou
16 Mei 2024

Baba Edina,

Katika wiki mbili hizi umenipigia mara kumi na moja, nikaiacha simu inaita mpaka Mueni akaifunika na mto. Nilijua barua yangu imekufikia na nilijua unachotaka kusema. Kumbe sikujua chochote. Barua yako imefika juzi Jumanne. Posta wameikalisha mwezi mzima.

Sikukupigia wewe. Nilimpigia mama, nikamsomea yote, ya kwako, halafu nikamweleza niliyokuandikia mimi. Nikasikia kuku wake. Halafu, Ernest, mama akakasirika. Yule mama yetu mpole. Nakuandikia alivyosema, maana nimeyashika yote.

"Wewe ulinishika mikono, mumeo akaniapisha kwa Bikira. Nikawatunzia. Kila mmoja ananipigia kivyake, mama usiseme, mama usiseme, halafu anakata simu akalie. Kidevu cha yule mtoto nilikishika mimi. Alikuwa anafumba mdomo, hataki, nikamwimbia mpaka akafungua. Nimekaa na hilo miezi minane, nalifagia kaburi lake kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza, mama, wewe unalalaje."

Tumegombania kosa kama watu wanaogombania shamba, tukamwacha mwenye mkono peke yake nalo. Nikamwuliza vile vijiko vitano vilivyobaki viko wapi. Akasema viko kabatini, havitumii na hawezi kuvitupa, maana ni zawadi.

Leo nimekwenda ubalozini. Mpaka asubuhi nilikuwa siendi, Mueni ndiye aliyenipigia pasi gauni. Nilijiandaa kwa maswali yote, tulifunga ndoa lini, unapenda chakula gani, unalalia upande gani. Dirishani alikuwa dada mmoja Mmarekani, mdogo kuliko mimi. Akazichambua barua zako. Kiswahili hajui. Lakini akaona kila barua inaanza na neno moja, akaliwekea kidole, akauliza, "Edina ni nani?"

Nikasema ni mtoto wetu.

Akaitazama fomu, akanitazama. Akasema hapa imeandikwa hamna mtoto. Nikamwambia fomu imekosea. Nadhani nilipaza sauti, watu wa dirisha la pili waligeuka. Nikasema anaitwa Edina Ernest, ana miaka mitatu na miezi miwili, iandike. Akauliza, na sasa yuko wapi? Nikamwambia yuko Kilema, kwa bibi yake. Hapo ndipo nikalia, mume wangu, mbele ya kioo, na yule dada akanipitishia karatasi za kufutia machozi kwenye kale katundu ka kupitishia pasipoti. Nikamweleza kwa Kiingereza changu hiki cha Zhongda kwamba amefariki, lakini yupo, iandike. Ameiandika. Nimemwona akiandika.

Viza wamenipa. Ila siji huko kwanza. Nimekata tiketi ya Kilimanjaro, naondoka tarehe 28. Omba likizo, uza lori, fanya unavyojua, nikukute au unikute. Tutakaa jikoni kwa mama, sisi watatu, kila mtu aseme lake mbele ya wenzake, na yeye ndiye aanze, maana hajawahi kuulizwa.

Usinisamehe kwenye simu, na mimi sitakusamehe kwenye simu. Sijui hata kama tutaweza. Lakini usiache tena kuniita lile jina, hata nikikukataza.

Mabuti mekundu mama anasema hayakuvaliwa. Mvua zilichelewa.

Mkeo,
Mama Edina